Mwambie Baba Yako

Mpaka leo Mniko hawezi kuingia nyumbani kwake kimyakimya. Akishuka kwenye bodaboda pale Bweri, kabla mkono haujagusa geti, kifua chake kinakohoa chenyewe, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa chochote. Wapangaji wapya wa mtaa wamemshauri akapime. Wenyeji wanacheka tu, kwa sababu wanajua alikuwa akimkoholea nani. Alikuwa akimkoholea mama mkwe wake, Selestina wa Murangi, mwanamke aliyemlelea mtoto wake wa kwanza tangu akiwa wa kunyonya hadi siku alipovaa sare ya darasa la kwanza. Katika miaka yote hiyo Mniko hakumtazama usoni hata mara moja. Ukimuuliza leo sura ya mama yule ilikuwaje, atakupa habari za malapa yake ya bluu, mgongo wake na sauti yake, basi.

Kwa mgeni jambo hili ni kichekesho. Kwa watu wengi wa Mara wa umri wake ni adabu, na adabu haiulizwi sababu. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali wakionana. Mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake, hata mvua inyeshe ya mawe. Mniko alizaliwa kijijini Butiama, kwenye boma la ng'ombe, na kuna mchana mmoja wa utotoni ambao hadi sasa akiukumbuka anacheka peke yake. Alikuwa akirudi mnadani na baba yake. Mzee yule, ambaye madume ya ng'ombe yalimtii, aliona kwa mbali khanga ya mama mkwe wake ikija njiani, akaruka ndani ya shamba la mtama na kuchuchumaa humo, koti, kofia na fimbo. Mniko alibaki njiani na kamba ya mbuzi mkononi. Bibi alimsalimia mjukuu wake vizuri, kisha bila kugeuza shingo akamwagiza amwambie huyo aliyemo kwenye mtama kwamba mtama wa watu umeshaiva, asiulalie.

Mniko alipokua akawa fundi wa ofisi ya maji Musoma, akaoa Agness, binti wa watu wa dagaa, akajenga Bweri. Agness alikuwa amesomea ualimu na kukaa mtaani miaka mingi akisubiri ajira. Alifundisha tuisheni, akauza vitenge, akaolewa, akazaa. Edwin alipokuwa na miezi minne jina likatoka: mwalimu wa shule ya msingi, Nyasura, Bunda. Nyumba ile ilishangilia asubuhi na kununa jioni ya siku ileile. Kutoka stendi ya Bweri hadi Bunda basi linakwenda zaidi ya saa nzima, na ili awahi vipindi mwalimu alitakiwa kutoka bado kuna giza na kurudi jua likizama. Mniko naye alikuwa mtu wa kuitwa popote bomba linapopasuka. Mtoto abaki na nani?

Wakaanza kutafuta, na kumpata mlezi wa mtoto siku hizi ni kazi kuliko kupata mke. Dada wa kwanza alikuwa mchangamfu, akachangamka hadi akaondoka na dereva wa bodaboda kabla hajamaliza mwezi. Wa pili alikuwa mpole mno. Upole wake ulikuwa wa aina ambayo Edwin alianguka kutoka kitandani, akalia mpaka jirani Matrida akaja mbio kutoka ng'ambo ya njia, na dada bado amelala. Deikea ya mjini ilikuwa na sungura waliochorwa ukutani na bembea za rangi, ila ilifunguliwa saa ambayo mwalimu wa Nyasura anatakiwa awe ameshashika chaki, na ada yake, ukijumlisha na bodaboda ya kumpeleka na kumrudisha mtoto, ilikuwa inaukata mshahara wa mama katikati. Agness alifikiri, akaona atakuwa anafanya kazi ili amlipe mtu mwingine akae na mtoto wake. Akasema ataacha. Alisema hivyo akiwa anakunja nguo za mtoto, wala hakuinua kichwa, na Mniko alijua kwamba nafasi ile ikiachwa hairudi.

Siku zile Mniko aliikumbuka Butiama hadi ikamuuma. Kwenye boma la baba yake hakuna aliyewahi kuuliza mtoto abaki na nani. Mtoto alibaki. Mama akienda shambani, mtoto alihamia mgongoni kwa shangazi. Shangazi akienda kisimani, alihamia kwa bibi. Bibi akisinzia, wakubwa walimburuta hadi kivulini nyuma ya ghala na kumlisha viazi walivyovitafuna wao kwanza. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyejua kwamba hiyo ni kazi. Mniko hajui hadi leo ni mikono ya akina nani na nani iliyomwogesha. Lakini mama yake alikuwa ameshazikwa, dada zake wameolewa mbali, na kwenye boma amebaki kaka mmoja na ng'ombe wake. Bweri yeye alikuwa na vyumba vitatu, geti na kufuli la maana, na hana mtu wa kumwachia mtoto.

Selestina alizisikia habari hizi kwa simu. Wiki haikuisha, akateremka Bweri na gunia la udaga wa mihogo mikavu, ndoo ya dagaa, jembe na mkeka. Hakugusa geti la mkwe wake. Alipitiliza ng'ambo ya njia kwa Matrida, mjane mwenzake, ambaye alikuwa na chumba cha uani kilichojaa kuni, akamuuliza kama kuni hizo haziwezi kuhamia kwingine. Jioni Agness aliporudi alimkuta mama yake anafagia. Mpango wake aliueleza kwa ufupi: atalala kwa Matrida, mkwe akiwa kazini atakaa na mtoto, mkwe akirudi yeye anavuka njia. Agness akataka kulia. Mama yake akamwambia alete mtoto kwanza, kulia atalia kwenye basi.

Kazi ikawa kukabidhiana. Agness alikuwa ameshaondoka, na watu wawili wasioruhusiwa kuonana walitakiwa kupeana mtoto kila asubuhi. Mniko ndiye aliyebuni. Alimlaza Edwin kwenye mkeka barazani, akaingia ndani, akafunga mlango, akakohoa. Selestina akavuka njia, akamchukua mtoto, akazunguka naye hadi jiko la nje. Mniko aliposikia sufuria zinagongana ndipo akatoka kwa mlango wa mbele, kichwa chini, hadi barabarani. Jioni ilikuwa vilevile kinyumenyume: kikohozi getini, muda kidogo wa mtu kujifunga khanga vizuri na kumlaza mtoto, kisha mlango wa uani unafungwa na mkwe anaingia nyumbani kwake. Matrida alikuwa akitoa kigoda chake nje kuangalia. Alisema runinga yake haina kipindi kizuri namna hiyo.

Wangeweza kuishi hivyo bila neno, lakini mtoto ana mambo yake. Siku moja kati ya zile za mwanzoni, Mniko akiwa ndani anavaa soksi, sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa jiko, sauti ya juu kidogo, yenye lafudhi ya ziwani.

"Edwin, mwambie baba yako jana ulikuwa na joto. Asiondoke hajaacha dawa."

Edwin wakati huo hajui hata kukaa. Mniko alisimama na soksi moja mkononi. Akamkumbuka baba yake kwenye mtama, akajikuta anaongeza sauti naye.

"Edwin, mwambie bibi yako nimesikia. Dawa iko juu ya kabati."

Mazungumzo yao yakaanza hapo, na hayakukatika kwa miaka. Edwin aliambiwa kwamba mkaa umeisha. Edwin aliambiwa kwamba mkaa umeagizwa. Edwin, mwenye meno mawili, alipelekwa huku na huku kwenye ugomvi mkubwa wa furu, wale samaki wadogo wenye miiba ambao watu wa ziwani huwachemshia watoto supu. Mtu wa ng'ombe aliona furu ni kitu cha kuchezea watoto wanaojifunza kuvua. Alimwagiza Edwin amwambie bibi yake kwamba mtoto wa Butiama anakunywa maziwa. Jibu likaja kupitia kwa Edwin huyohuyo kwamba Butiama iko mbali na ziwa liko hapa. Supu ya furu ikashinda, na mtoto akawa na mashavu ya kupigiwa mfano mtaani.

Mniko akianza habari za asubuhi zile hasiti kusema kwamba anazikumbuka kuliko harusi yake. Alianza kuchelewa kwa makusudi. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena, maana Selestina akishamweka mtoto mgongoni alikuwa akimsimulia, na alisimulia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtoto aliye mgongoni. Kwa njia hiyo, kipande leo na kipande kesho, Mniko aliyajua maisha ya mama mkwe wake. Alijua kwamba alifungiwa mdogo wake mgongoni kabla yeye mwenyewe hajang'oka meno ya utoto, na tangu hapo mgongo ule haukupumzika: wadogo zake, watoto wa shangazi, watoto wake, watoto wa shemeji zake. Alijua kwamba aliwahi kuanika dagaa mawe ya Murangi nzima yakawa yameng'aa, mvua ikaja, akala hasara na kunguru wakala dagaa. Alijua kwamba marehemu mume wake hakuwa mtu mbaya, ila akimtaka mkewe alipiga mluzi, na yeye popote alipo alikuja. Bibi alisimulia hilo bila uchungu, huku anatwanga. Mniko ndani alikuwa amekaa kitandani, viatu vimeshafungwa, kazi inamsubiri.

Edwin alipojifunza kusema, ujumbe ukaanza kupata nyongeza. Bibi akiagiza mchele, mtoto alifika kwa baba yake akasema mchele na biskuti. Baba akijibu kwamba atachelewa kurudi, mtoto alimwambia bibi kwamba baba atachelewa, na amesema tusioge. Wote wawili walijua, na wote wawili walikubali. Biskuti zililetwa.

Jambo moja tu lilimkaa Mniko moyoni na likakataa kutoka. Alitaka kumshukuru yule mama na hakujua apitie wapi. Kila mlezi aliyemjua alikuwa na bei yake, ukilipa umemaliza; huyu hakuwa na bei. Alimtumia kitenge kwa mkono wa Agness. Kilipokelewa, kikavaliwa kanisani, na likarudi neno kwamba rangi yake ina kelele. Kisha akafanya upumbavu. Alimwambia Agness amweleze mama yake kwamba wangependa wampe chochote kila mwisho wa mwezi, kama walivyokuwa wakiwapa wale akina dada. Agness alikwenda kusema, akarudi na uso mwingine. Kwa siku kadhaa Edwin hakuwa na ujumbe wowote kutoka jikoni. Supu ilipikwa, nguo zilifuliwa, mtoto alikuwa safi, ila nyuma ya ukuta kulikuwa kimya, na Mniko anasema kimya kile kilimtisha kuliko kugombezwa. Mazungumzo yalipoanza tena, yalianza na mkaa, na yeye akashukuru Mungu kwa ajili ya mkaa.

Edwin alipokaribia miaka mitatu, mtoto wa kiume wa Matrida akapiga simu kwamba anarudi kutoka Mwanza na mke. Chumba cha uani kikahitajika. Matrida alilia kuliko mpangaji wake, lakini mwana ni mwana. Vyumba vingine vya kupanga vilikuwa mbali, upande wa pili wa stendi, na mguu mmoja wa Selestina ulishaanza kuvimba. Akaanza kukunja mkeka. Agness naye akarudia maneno yake ya zamani, kwamba ataacha kazi, na safari hii aliyasema akiwa amevaa kitambulisho cha shule shingoni. Edwin alikuwa mtoto wa bibi. Akiachwa na mtu mwingine alilia hadi sauti ikakauka. Mniko aliona kabisa nyumba yake inavyorudi kule ilikotoka.

Ndipo akafikiri kama mwanaume wa kwao. Kule wanakotoka, aibu ya mkwe na mama mkwe ina namna ya kuondolewa. Mkwe anatoa ng'ombe, wazee wa pande zote wanakaa, mama mkwe na mkwe wanakula sahani moja mbele za watu, na kuanzia siku hiyo wanasalimiana, wanaketi pamoja, na mama anaweza kulala nyumbani kwa mkwe wake. Mniko akaona Mungu amempa njia moja ya kumaliza mambo mawili: mama atapata pa kulala, na yeye atakuwa ameshukuru. Akaenda Butiama, kaka yake akampa mtamba mweusi mwenye alama nyeupe usoni, mnyama wa kuringa naye. Akampigia Bernado, mdogo wake marehemu baba mkwe, mwenye sauti ya mwisho katika ukoo kule Murangi. Bernado akafurahi. Siku ikapangwa. Selestina aliambiwa tu kwamba kuna kikao cha ukoo, aje na mjukuu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ni kosa ambalo mwanaume wa Mara analifanya kwa urahisi kabisa, kudhani kwamba jambo wakishakubaliana wanaume wawili na ng'ombe yupo, limekwisha.

Basi siku ile Murangi watu walijaa uani kwa Bernado. Mtamba alishushwa kwenye kenta, akafungwa, akasifiwa. Mniko alikaa kwenye kiti amevaa koti, anatoka jasho. Sahani moja kubwa ya ugali na sato ililetwa ikawekwa mkekani. Selestina aliitwa kutoka jikoni, ambako alikuwa anapikia kikao ambacho hajui ni cha nini. Alipoona sahani moja, ng'ombe mmoja na viatu vya mkwe wake, alielewa. Aliketi upande, amewapa wanaume bega, Edwin mapajani, na mikono akaiweka juu ya tumbo la mtoto. Bernado akamkaribisha anawe. Hakunawa.

"Edwin," alisema mwishowe, "mwambie baba yako ng'ombe yake nimeiona. Ni nzuri. Ana jicho la kuchagua."

"Baba, ng'ombe nzuri," Edwin akasema.

"Mwambie nikila hii ugali leo, kesho nitakuwa mtu wa mle ndani. Nitalala chumba cha yule dada aliyekimbia. Mtoto akilia nitaitwa. Chai ikichelewa nitaulizwa. Hatafanya kwa ubaya, ni mtu mzuri. Ataniita tu, kwa sababu nitakuwa pale."

Ujumbe huo ulikuwa mrefu mno kwa Edwin. Alichovya kidole kwenye mchuzi. Hakuna aliyemkataza.

"Mwambie mimi nimeitwaga tangu mtoto. Baba yangu alikuwaga ananiita kwa kelele, marehemu kwa mluzi, wenye mitumbwi wananigongeaga dirisha dagaa zikifika. Mwanaume wa kwanza kukohoa ili mimi nijiweke sawa ni baba yako. Miaka yote hii, kila siku, anasimama kwenye geti yake mwenyewe, ananisubiri nijifunge khanga. Hiyo ndiyo malipo yangu. Mwambie asininyang'anye."

Bernado alianza kusema kwamba wazee wameshakaa na wameshakubaliana. Selestina akamwomba Edwin amwambie babu yake kwamba kama ana njaa, chakula hicho hapo. Kuna mtu alicheka, akajifanya amepaliwa.

Mniko hakucheka. Anasema aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona, tena aibu tamu kidogo, maana katikati ya kukataliwa alikuwa amesikia jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Kumbe kile alichokuwa akikifanya getini kwa mazoea, bila kukifikiria, ndicho kilichokuwa kinapokelewa kama malipo. Aliinamisha kichwa, akatafuta sauti.

"Edwin, mwambie bibi yako nimekosa. Naomba aseme yeye mwenyewe alale wapi."

Selestina alifikiri. Inaelekea alikuwa ameshafikiri kabla, kwa sababu jibu lilitoka likiwa limepimwa. Edwin alitakiwa amwambie baba yake kwamba kiwanja chake kina nafasi kule nyuma, kwenye mpapai. Amjengee paa lake, chumba kimoja kinatosha, mlango usiitazame nyumba yake. Na huyo ng'ombe asirudi Butiama, ni mkosi. Auzwe, anunue mabati.

Basi ng'ombe akageuka mabati. Mniko alijenga na fundi, Jumapili baada ya misa akipandisha tofali mwenyewe, na kwenye kiwanja kidogo cha Bweri pakawa na nyumba mbili zilizopeana mgongo. Selestina alihamia kabla sakafu haijakauka vizuri. Kuzunguka nyumba yake alipanda viazi na mihogo mpaka wapita njia wakauliza kama ni shamba la serikali. Mambo yaliendelea yalivyokuwa, kikohozi, mkeka, sauti nyuma ya ukuta. Agness aliwahi basi lake kila siku ya kazi. Edwin alikua, akajifunza kuendesha baiskeli akizunguka kati ya nyumba mbili, ujumbe mdomoni.

Mniko akisema siku hizo zilikuwa nzuri, usidhani zilikuwa rahisi. Kulikuwa na homa, kulikuwa na mshahara unaoisha kabla ya mwezi, kulikuwa na siku Selestina alipogombana na Matrida kwa ajili ya kuku. Ila asubuhi Mniko alitoka nyumbani akijua nani yuko na mtoto wake. Sasa ndipo anajua kwamba kuna watu wanafanya kazi mwaka mzima bila kuonja utulivu huo. Wakati ule aliuona ni jambo la kawaida, na ndiyo maana unamuuma.

Edwin alipoanza darasa la kwanza, bibi ndiye aliyemshika mkono hadi shuleni. Alirudi, akafua mbeleko yake ya zamani, akaianika, na jioni akamtuma Edwin amwambie baba yake kwamba kazi imekwisha, mihogo yake ya Murangi inaliwa na nyani, atafute gari. Mniko alimtuma Edwin kurudi mara nyingi na maneno ya kumbembeleza. Nyumba ni yake, paa ni lake. Bibi alijibu kwamba anajua ni lake, ndiyo maana anaweza kuliacha. Akaondoka na jembe lake.

Mtoto wa pili, Sara, alipozaliwa, mguu wa Selestina ulikuwa hauvai hata malapa, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Sara analelewa deikea. Siku hizi inafunguliwa alfajiri, wamewaelewa wazazi, na Mniko humpeleka mwenyewe kwa bodaboda, anamkabidhi kwa mwalimu mwenye tabasamu, wanasalimiana wakitazamana macho kwa macho, na mwisho wa mwezi analipa. Hana malalamiko. Mwalimu ni mwema na mtoto anaimba nyimbo za sungura. Ila akishamwacha pale anabaki na masikio yanayotafuta kitu, na anapanda bodaboda akiwa na huzuni ambayo akimweleza dereva hataielewa.

Mwaka jana, vuli ilipoanza, Selestina akafariki. Alizikwa Murangi, nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa lote na mitumbwi iliyovutwa mchangani. Katekista aliongoza sala, kwaya ikaimba, na jeneza likafunguliwa chini ya turubai ili watu wapite kuaga. Mstari ulikuwa mrefu. Watu aliowahi kuwabeba mgongoni walikuwa wengi, wengine wana mvi. Mniko hakuwamo kwenye mstari. Mkwe haangalii uso wa mama mkwe akiwa hai, wala haangalii akiwa amelala. Alisimama mbali, karibu na kenta iliyowaleta, amelipa turubai mgongo, mikono nyuma. Alikuwa anatazama maji. Alikuwa anafikiri kwamba amechelewa, kwamba yule mama amekwenda na yeye hakupata njia ya kumshukuru, na kwamba hata leo, watu wote wakiwa wanasema kwaheri, yeye ndiye asiyeruhusiwa.

Akahisi mtu anamvuta koti. Alikuwa Edwin, amevaa sweta la shule, pua imejaa kwa kulia. Alikuwa ametoka kwenye mstari aliokuwamo na mama yake.

"Baba," alisema, "tunakaribia kufika kwa bibi. Nimwambie nini?"

Mniko alifungua mdomo. Miaka yote ile hakuwahi kukosa la kutuma, na sasa maneno yalikuja yote kwa pamoja, asijue atume lipi. Edwin alisubiri kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kazi yake.

"Mwambie asante," Mniko alisema. "Mwambie baba amesema asante, kwa kila siku."

Edwin alirudi mbio. Mniko hakugeuka. Alisikia kwaya, alisikia miguu ya watu kwenye changarawe, kisha akasikia sauti ya mwanawe ikipanda juu ya wimbo, kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye karibu.

"Bibi, baba amesema asante. Amesema kwa kila siku."

Kwaya ilinyamaza. Wanawake wa Murangi, waliozijua habari hizo zote, walisimama palepale walipokuwa, hakuna aliyemwondoa mtoto, wakampa bibi nafasi ya kujibu. Mniko, mgongo kwao na macho ziwani, alijikuta naye anasubiri, masikio wazi kabisa, na ndipo alipolia.